UZI: Vyombo vya sura vya Wamoche wa Peru, namna vilivyofinyangwa na kazi yake kwenye matambiko

#1 Kigae_Chekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila inapowekwa picha ya kichwa cha udongo cha Wamoche, maswali hukimbilia usoni: huyu ni nani, ni mungu yupi, ni mfalme wa wapi. Uso unavuta, sikatai. Lakini kile ni chombo kabla hakijawa sanamu. Kina tumbo la kutilia kinywaji, mdomo wa kumiminia na mahali pa kushikia. Aliyekifinyanga alijua kitajazwa nini na kitawekwa wapi. Anayetaka kujua maana yake kwenye tambiko aanze na maswali matatu: kilitiwa nini, kilimiminwa vipi, kilikutwa wapi na kando ya nini. Uso uje wa nne.

Nianze na mahali. Wamoche waliishi pwani ya kaskazini mwa Peru, takriban mwaka 100 hadi 800 BK. Kule ni jangwa linalokatwakatwa na mito inayoshuka kutoka Andes. Kila bonde ni ukanda wa kijani katikati ya mchanga, na walichimba mifereji ya kumwagilia mahindi, maharage, maboga, karanga na pamba. Karibu na mji wa leo wa Trujillo yapo majengo yao mawili makubwa ya matofali mabichi, Huaca del Sol na Huaca de la Luna. Hawakuacha maandishi, ndiyo maana vyungu vyao vinasomwa kwa bidii yote hii.

Sura walizofinyanga ni nyingi mno: kichwa cha mtu, mtu aliyeketi, mfungwa mwenye kamba shingoni, bundi, kulungu, simba wa baharini, chura, boga, kiazi, nyumba, mlima wenye vilele vitano. Vingi vya vyombo hivi vina mdomo wa kikuku. Mirija miwili inatoka juu ya tumbo, inapinda na kukutana, na hapo ilipokutana unasimama mrija mmoja. Ukiutazama kwa mbele unafanana na kikuku anachokanyagia mpanda farasi. Jina hilo wamelipa watu wa baadaye, maana farasi hawakuwapo Amerika wakati ule. Mdomo wa namna hii ulikuwapo Andes zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Wamoche, na Wachimú waliokuja baadaye waliendelea nao.

Una faida zake. Tundu ni jembamba, kinywaji hakikauki haraka kwenye hewa ya jangwani na wadudu hawaingii kirahisi. Ukikiinamisha chombo ubavu, kinywaji hutokea mrija wa chini na hewa huingilia wa juu, basi kinatiririka bila kugugumia. Vidole au kamba hupita chini ya tao. Ubaya wake ni kwamba kujaza kunataka subira, na ndani hapasafishiki. Hilo la mwisho likumbukeni, lina faida kwa wanaopima mabaki.

Wanaojua kalibu, zile za kubania udongo upate umbo, karibuni.

#2 Udongo_na_Moto

Asante mkuu kwa kuanzia kwenye tumbo la chombo badala ya uso.

Upande wa kalibu hatubahatishi, kwa sababu kalibu zenyewe zimechimbuliwa. Karakana zimepatikana pale Huacas de Moche na pale Cerro Mayal katika bonde la Chicama, zikiwa na kalibu, vipande vilivyoharibika motoni na marundo ya vigae. Ukiongeza alama za vidole zilizobaki ndani ya vyombo vilivyovunjika, hatua zinasomeka hivi.

Kwanza hufinyangwa kielelezo: bonge la udongo lisilo na uwazi ndani, linachongwa uso wote hadi mikunjo ya mashavu. Kikishakauka, kinafunikwa bapa la udongo laini linalobanwa hadi kushika kila mchongo, kisha linakatwa ubavuni kuwa nusu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mstari wa kukata una akili yake. Hupita nyuma ya masikio, mahali ambapo hakuna kitu kinachochomoza na kurudi ndani. Kipuli kikubwa kikiachwa kwenye kielelezo kitang'ang'ania, na kalibu haitatoka bila kurarua uso. Ndiyo maana vipuli na mapambo ya kilemba mara nyingi vimebandikwa kwa mkono baadaye. Nusu hizo mbili zinakaushwa na kuchomwa.

Udongo uliochomwa hunywa maji, na hapo ndipo ufundi wote ulipo. Bapa la udongo lenye unene wa milimita 5 hivi linabanwa ndani ya kalibu kwa vidole, kuanzia katikati kwenda kingoni. Puani na kidevuni hutangulizwa vidonge vidogo vya udongo ili shimo lijae. Ukilaza bapa zima juu ya shimo la pua bila kulijaza, hewa inabaki chini yake na pua inatoka butu. Hewa ikifungiwa kati ya tabaka mbili za udongo wenye unyevu, ikifika motoni inabandua kipande.

Kalibu inapokunywa maji, udongo unasinyaa na kujiachia wenyewe. Ukiutoa mapema, uso unalegea na mashavu yanashuka. Ukichelewa, ufa unaanzia kwenye daraja la pua au kidevuni, kwa kuwa udongo unasinyaa wakati kalibu imesimama pale pale.

Kuunga: kingo zinakwaruzwa, zinapakwa uji mzito wa udongo, nusu mbili zinabanwa, na ndani inapitishwa kamba ya udongo kufuata mshono. Mkono au vidole hupita kwenye uwazi ulioachwa, kisha uwazi unazibwa. Nje mshono unakwanguliwa na kulainishwa. Mshono ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Kichwa kilichoanguka mara nyingi kinafunguka ubavuni kama ganda la karanga.

Mirija ya kikuku inatengenezwa kwa kuzungushia bapa jembamba kwenye kijiti laini. Kijiti kinachomolewa, mrija unapindwa ukiwa bado mtepetevu. Matundu mawili yanatobolewa tumboni na mirija inabandikwa. Hapa wengi wanaojaribu kuiga wanaharibikiwa: wanabandika mrija mbichi kwenye tumbo lililokwisha kukauka. Mrija unasinyaa zaidi ya tumbo, unajivuta, unakatikia kwenye shina. Vyote viwili viwe vimekauka nusu, kiwango ambacho ukucha unaacha alama lakini kidole hakizami.

#3 Bi_Mtungi

Nimekusoma vizuri, mkuu. Naomba uendelee kwenye rangi na moto. Nyuso nyingi zina rangi mbili tu, nyekundu na ile ya maziwa, lakini kwenye baadhi ya picha naona michirizi meusi iliyofifia shavuni na juu ya mdomo. Ni moshi ule?

#4 Udongo_na_Moto

Si moshi, dada, na swali lako limegusa penyewe.

Rangi za msingi ni uji wa udongo mwororo: mweupe wa maziwa na mwekundu wenye madini ya chuma. Unapakwa chombo kikiwa bado na unyevu kidogo, kisha unasuguliwa kwa kokoto laini hadi ung'ae. Ukipaka juu ya udongo uliokauka kabisa, uji unasinyaa peke yake na kubanduka kama magamba ya samaki.

Moto ulikuwa wa wazi au wa shimoni, si tanuri lenye dohani. Joto lilikuwa takriban nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi, hewa ikiingia kwa wingi, na hiyo ndiyo iliyotoa wekundu. Vunja kigae utazame unene wake: ukiona kijivu katikati na wekundu pande zote mbili, moto ulikuwa mfupi, kaboni ya ndani haikumalizika kuungua. Doa jeusi la duara kwenye shavu ni mahali kuni au chombo jirani kiligusa. Wachimú, karibu mwaka 900 hadi 1470, walipendelea kinyume chake. Waliufunika moto mwishoni wakauzuia usipate hewa, na vyombo vyao vingi vikatoka vyeusi vinavyong'aa. Wamoche nao walichoma vyeusi, ila ni vichache.

Michirizi unayoiona ni rangi ya tatu. Ni rangi ya mimea au kitu kingine kilichokuwa hai, ilipakwa baada ya kuchoma, kisha chombo kikapashwa moto mdogo ili iungue na kushika. Haikuingia kwenye udongo, inakaa juu tu. Kwa hiyo hufutika kwa kuoshwa, kwa kusuguliwa, hata kwa kushikwashikwa. Ndevu, masharubu na michoro ya usoni ilipakwa kwa rangi hiyo. Uso unaouona leo ukiwa mtupu huenda ulikuwa na michoro kamili siku ulipotoka karakana. Anayesema "huyu hana alama ya cheo usoni" aangalie kwanza kwa taa ya pembeni kama kuna mng'ao tofauti pale rangi ilipokuwa.

#5 Mpima_Vipimo

Niongeze la kusinyaa, kwa sababu ni kipimo kizuri na watu hawalitumii. Udongo wa kufinyangia kwa kawaida hupungua asilimia 5 hadi 12 tangu ukiwa mbichi hadi unapotoka motoni. Chukua kichwa cha sentimita 25 na udongo unaopungua asilimia 10. Ukitengeneza kalibu kutoka kwenye kichwa hicho kilichokwisha kuchomwa, kalibu yenyewe itapungua, na kichwa kitakachotoka humo kitapungua tena: 25 inakuwa 22.5, kisha 20.25. Vichwa viwili vyenye uso ule ule lakini vimepishana karibu moja ya tano si lazima viwe kazi ya mafundi wawili. Inawezekana kimoja ni mzazi wa kingine.

Pimeni umbali kati ya pembe za nje za macho, na kutoka daraja la pua hadi kidevuni. Msipime urefu wote wa chombo, kwa sababu kilemba na mdomo vimeongezwa kwa mkono.

#6 Kigae_Chekundu

Kuhusu umri. Rafael Larco Hoyle, aliyeanzisha makumbusho ya familia yake mwaka 1926 huko Chiclín katika bonde la Chicama (sasa yako Lima), alipanga vyombo vya Wamoche katika awamu tano kwa kutazama mdomo wa kikuku. Mpangilio huo aliuchapisha mwaka 1948 na bado unatumika.

Awamu ya kwanza mdomo ni mfupi, na ukingo wake umevimba kama pete. Ya pili mrija unarefuka, pete inapungua. Ya tatu mrija unapanuka juu kama tarumbeta ndogo. Ya nne ni mrefu na umenyooka, hauna pete. Ya tano unakwenda ukichongoka kwa juu, na tao lenyewe linabanwa kuelekea umbo la pembetatu. Vichwa vya sura halisi za watu vinakuwa vingi na bora katika awamu ya nne, na katika ya tano vinaachwa.

Tahadhari moja: mpangilio huu unafanya kazi kwenye mabonde ya kusini, yaani Chicama, Moche, Virú na kuendelea. Mabonde ya kaskazini, Jequetepeque na Lambayeque, yalikwenda kwa mwendo wake. Tangu miaka ya 1990 watafiti wanazitenganisha kanda hizi mbili, na kaskazini wanahesabu vipindi vitatu: vya mapema, kati na mwisho. Ukichukua chombo cha Jequetepeque ukakipa "awamu ya nne" kwa mdomo tu, umri utakaopata ni wa makosa.

#7 Mzimu_wa_Mlima

Mada nzuri wakuu. Ila mimi naona mnazunguka. Vichwa hivi ni mababu. Jamii zote za kale ziliheshimu mababu, chombo cha uso wa babu kinajazwa pombe, kinamwagwa, tambiko limekwisha. Kwa nini tusiseme hivyo moja kwa moja?

#8 Kigae_Chekundu

Mkuu, tusiseme hivyo kwa sababu vyombo vyenyewe vinakataa.

Christopher Donnan, mtafiti wa Wamoche, alikusanya picha za mamia ya vichwa hivi, akapata watu kadhaa wanaotambulika kwa sura na kovu zao, kila mmoja amefinyangwa mara nyingi. Mmoja ana kovu upande wa kushoto wa mdomo wa juu, na vyombo vyake vinavyojulikana ni zaidi ya 40. Baadhi vinamwonyesha akiwa mtoto wa miaka kama kumi, vingine kijana, vingine mtu mzima. Babu aliyekwisha kufa hafinyangwi akikua hatua kwa hatua. Huyu alikuwa hai, na umbo lake lilitengenezwa upya kila alipofikia rika jingine.

Tena karibu wote ni wanaume, na wako kwenye mabonde ya kusini tu. Kama ingekuwa heshima ya mababu kwa ujumla, wanawake wangekuwapo kwa wingi na kaskazini kungekuwa navyo.

La tatu ndilo zito. Baadhi ya watu hao hao wanaotambulika kwa sura wanaonekana pia kama wafungwa: uchi, kamba shingoni, mikono imefungwa, matundu ya masikio yako wazi kwa kuwa vipuli vimevuliwa. Mtu aliyevaa kilemba cha heshima kwenye chombo kimoja yuko kwenye njia ya kwenda kuchinjwa kwenye kingine. Kwa hiyo tunaongelea watu wa tabaka la juu walioingia vitani, na walioweza kutekwa.

#9 Bi_Mtungi

Hapo kwenye mfungwa naomba nipanue, maana ndipo sura na tambiko vinakutana.

Kwenye vyombo vya Wamoche vilivyochorwa kwa mistari myembamba kuna mapigano ya mtu kwa mtu, kwa marungu. Mshindi hamuui adui pale pale. Anampiga usoni hadi pua inatoka damu, anamshika nywele za utosini, anamvua nguo na silaha, anazifunga kwenye rungu lake na kumwongoza kwa kamba. Mwisho wa safari ni tukio ambalo watafiti wanaliita tambiko la kafara: wafungwa wanakatwa shingo, damu inakingwa, na kikombe chenye mguu kinakabidhiwa kwa kiongozi aliyetoa miale mwilini. Pembeni yake wapo mtu-ndege na mwanamke wa cheo.

Kwa miaka mingi wengi walidhani ni hadithi za miungu. Mwaka 1987 mwanaakiolojia Walter Alva na wenzake wakachimbua kaburi la Sipán, katika bonde la Lambayeque, na mtu aliyezikwa humo alikuwa na mavazi na vifaa vya yule kiongozi wa kwenye michoro. Miaka michache baadaye, pale San José de Moro katika bonde la Jequetepeque, Donnan na Luis Jaime Castillo wakapata makaburi ya wanawake wenye vilemba na kikombe cha yule mwanamke wa cheo. Kwa hiyo vilikuwa vyeo vya watu halisi.

Kisha Huaca de la Luna. Katikati ya miaka ya 1990 Steve Bourget alichimba uwanja mdogo nyuma ya jengo, unaoitwa Plaza 3A. Akakuta mifupa ya wanaume zaidi ya 70, vijana na watu wa makamo, wengi wakiwa na alama za kisu kwenye pingili za shingo. Baadhi walilala ndani ya tope la mvua kubwa, zile za El Niño, kwenye jangwa ambako mvua ya hivyo ni msiba. Na katikati yao kulikuwa na vipande vya makumi ya sanamu za udongo za wanaume walioketi uchi, kamba shingoni. Sanamu hizo hazikuchomwa kabisa. Zilifinyangwa, zikakaushwa, zikavunjwa juu ya maiti.

Mfinyanzi anajua maana ya hilo. Udongo usiochomwa ukikutana na maji unarudi kuwa tope. Hawa waliacha kuchoma kwa makusudi, kwa sababu ustadi wa kuchoma walikuwa nao kupita kiasi. Sanamu ilikusudiwa ife pamoja na mtu, kwenye tope lile lile.

#10 Udongo_na_Moto

Dada, hilo ni kweli kabisa, na linafafanua pia upande wa pili. Chombo kilichochomwa kilikusudiwa kuishi. Vichwa vingi vilivyotoka makaburini vina ukingo wa mdomo uliomegeka na kitako kilichokwaruzika kwa kuwekwa na kuondolewa mara nyingi. Vilitumika na walio hai kwanza. Anayesema vilitengenezwa kwa ajili ya kaburi tu aangalie vitako.

#11 Mzimu_wa_Mlima

Nakubali, nilikimbilia jibu. Basi vilitiwa nini? Damu au pombe?

#12 Mpima_Vipimo

Tutenganishe vyombo, mkuu.

Damu ina kikombe chake, chenye mguu na mdomo mpana. Kikombe kimoja cha aina hiyo kilipimwa miaka ya 1990 na mabaki yake yakaonyesha protini ya damu ya binadamu. Chupa ya mdomo wa kikuku haifai kwa kazi hiyo, damu inaganda kabla hujamaliza kuijaza kwenye tundu la sentimita mbili.

Kinywaji kikuu cha Andes ni chicha ya mahindi. Mahindi yanalowekwa, yanaachwa yaote, yanakaushwa na kusagwa, unga unachemshwa kwa saa kadhaa, unachujwa, unaachwa uchachuke siku chache. Kuotesha ndiko kunakogeuza wanga kuwa sukari. Anayejua kimea cha komoni au busaa anaijua kanuni hii tayari. Pale San José de Moro kumepatikana mitungi mikubwa ya chicha, inaitwa paica, iliyozikwa hadi shingoni kwenye sakafu za mahali pa maziko. Kwa hiyo pombe ilitengenezwa na kunywewa kwenye mazishi.

Sasa kichwa cha udongo chenye uwazi wa ndani wa sentimita 15 kwa upana, ukikihesabu kama tufe, kinachukua chini kidogo ya lita 1.8. Hicho ni kiasi cha watu wachache kupeana mkono kwa mkono, si cha kunywesha umati. Na tundu linataka kinywaji kilichochujwa vizuri, machicha yangeziba pale mirija inapokutana. Ukiviweka pamoja, mtungi mkubwa ulihudumia kundi, chupa ya sura ilihudumia wateule, na kila aliyemiminiwa alikuwa anatazamana na uso wa mtu anayemjua.

#13 Kigae_Chekundu

Hesabu hiyo imenifurahisha sana.

Lakini tusisahau kwamba si kila sura ni mtu fulani. Karibu na kaburi la Sipán kulikuwa na chumba chenye vyombo zaidi ya 1,000, vingi ni mitungi midogo yenye umbo la watu, wapiganaji na wafungwa, imetolewa kwa kalibu haraka haraka na haikumaliziwa vizuri. Hapo hakuna uso wa kutambulika. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa kuwa umati: mkubwa amezikwa na hadhira yake ya udongo. San José de Moro nako makaburi yana vijungu vidogo vya kukurupua, kila kimoja na ukubwa wake, na vinaeleweka kama sadaka za waombolezaji wenyewe waliovifinyanga bila ufundi. Thamani ya chombo kwenye tambiko haikupimwa kwa uzuri peke yake.

Ile milima yenye vilele vitano pia ina lake. Mara nyingi kuna mtu amelazwa kwenye kilele cha katikati, nywele zimening'inia chini kama maji yanayoshuka. Bonde lote la Wamoche linaishi kwa maji ya mlimani. Chombo hicho kikijazwa na kuinamishwa, kinywaji kinatoka mlimani. Huhitaji maandishi kuelewa.

#14 Nahodha_wa_Makavazi

Wakuu, vipi kuhusu Meksiko? Wale mbwa wanene wekundu wa Colima wanauzwa mtandaoni kila siku, na maelezo ni yale yale: "mbwa anayemvusha marehemu mto wa kuzimu."

#15 Mpima_Vipimo

Mbwa wa Colima ni wa makaburi ya shimo la magharibi mwa Meksiko, takriban mwaka 300 KK hadi 300 BK. Ni vyombo kweli, mdomo wa kumiminia uko mkiani, mgongoni au kichwani. Lakini maelezo ya kuvusha mto yanatoka kwa Waazteki, yaliandikwa karne ya 16, zaidi ya miaka 1,000 baadaye na katika eneo jingine. Inawezekana imani ni ya kale hivyo, ila huwezi kuirudisha nyuma kiasi hicho ukaiita ushahidi. Mbwa wanene walikuwa pia chakula cha karamu. Mwili ulionona kwenye kaburi unaweza kuwa masurufu ya safari.

Tahadhari ya namna hiyo ifuate Peru: Wahispania walifika mwaka 1532, Wamoche walikuwa wamekwisha kwa miaka 700, kwa hiyo yaliyoandikwa baada ya hapo si ushahidi wa moja kwa moja juu yao.

Oaxaca nako, kusini mwa Meksiko, vyombo vya Wazapoteki wa Monte Albán vinavyoitwa "vyungu vya majivu" havikuwekwa majivu ya maiti. Ni mtu aliyeketi mbele ya mcheduara, viliwekwa kaburini au juu ya mlango wake. Jina baya limepoteza watu karne nzima. Na ndivyo vilivyoghushiwa mno mwanzoni mwa karne ya 20, hata makumbusho makubwa yalinunua vya bandia bila kujua, mpaka vipimo vya miaka ya 1970 vikavifichua.

#16 Nahodha_wa_Makavazi

Kipimo hicho ni kipi, na kinadanganyika?

#17 Mpima_Vipimo

Ni themoluminesensi. Chembe za madini ya kwazi na felspa ndani ya udongo hukusanya nishati ya mnururisho wa asili mwaka hadi mwaka. Moto wa kuchomea ulifuta hesabu ikaanza sifuri. Maabara inachukua unga kidogo mahali pasipoonekana, kwa kawaida chini ya kitako, inaupasha moto na kupima mwanga unaotoka. Kwa kutenganisha cha kale na cha juzi kinatosha, ingawa umri wake unaweza kupotoka kwa asilimia 20 au zaidi.

Kinadanganyika kwa njia tatu. Ya kwanza, kitako cha kale kinaungwa na kichwa kipya. Tundu likitobolewa kitakoni tu, jibu litakuwa "cha kale". Toboa angalau mahali pawili, pande mbili za mshono. Ya pili, kitu kinachongwa au kubandikwa kutoka vigae halisi vilivyosagwa. Ya tatu, mnururisho wa eksirei unaongeza hesabu. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe kabla ya CT skani, si baada yake. Skani ni muhimu, inaonyesha viungo vya gundi, mshono wa kalibu na namna mirija ilivyoshikishwa, ila mpangilio ni huo.

Yale madoa meusi ya manganizi kwenye mbwa wa Colima hujengeka kaburini, yamekamata uso wa udongo. Ya bandia mara nyingi ni rangi, pamba yenye asetoni inayatoa.

Hata kikithibitika ni cha kale, chombo kilichochimbuliwa na waporaji kimeshapoteza swali la tatu la mleta uzi: kilikutwa wapi. Peru ilitunga sheria ya kulinda mambo ya kale mwaka 1929, mkataba wa UNESCO ni wa 1970, na Marekani ilizuia kuingizwa kwa vitu vya Sipán mwaka 1990. Anayeuziwa aombe hati za kabla ya kununua, si hadithi ya "mkusanyo wa zamani".

#18 Bi_Mtungi

Swali la mwisho kwa wenye uzoefu wa utunzaji. Vyombo vya jangwani vina chumvi. Vikifika mahali penye unyevu, unga mweupe unatoka na rangi inabanduka. Dawa inayotajwa ni kuloweka. Je, ni salama?

#19 Udongo_na_Moto

Kwa chombo ambacho hakina rangi ya baada ya moto, ndiyo. Kilazwe kwenye maji yaliyoondolewa madini yote, maji yabadilishwe na kila mara kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha chumvi iliyomo majini, kisomwe. Kinaposhuka na kutulia kwa mabadiliko kadhaa mfululizo, chumvi imetoka ya kutosha. Kisha kikaushwe taratibu kivulini, kwa sababu kukausha haraka kunavuta chumvi iliyobaki ije juu kwa mkupuo na kubandua uji wa rangi.

Kwa kichwa chenye michirizi meusi, usiloweke. Masharubu na michoro yote itaondoka na maji. Chombo hicho kiwekwe mahali penye unyevu usiobadilikabadilika, na chumvi ivutwe kidogo kidogo kwa tabaka la karatasi iliyopondwapondwa yenye unyevu, pale pasipo na rangi nyeusi tu. Uji unaobanduka unaweza kushikizwa kwa Paraloid B-72 (gundi ya akriliki ya watunza makumbusho) nyepesi, asilimia 3 hadi 5 kwenye asetoni, kwa brashi ndogo, baada ya kujaribu doa moja kuhakikisha asetoni haisogezi rangi.

Kabla ya yote hayo, ndani kukwanguliwe kwanza kwa ajili ya maabara. Kuta hazikupakwa tabaka la kioo la kuzuia, kinywaji kiliingia kwenye udongo na kukaa humo. Kule Río Azul, Guatemala, chungu cha Wamaya cha karne ya 5 kilikutwa na mabaki ya kakao, na maandishi ya pembeni yake yana neno kakaw. Kama kingeoshwa kwanza, maandishi yangebaki bila shahidi. Chupa ya kikuku ambayo ndani yake hapajawahi kufikiwa na brashi ni bora zaidi kwa kazi hiyo. Kijiti chembamba chenye ncha ya chuma kinapita kwenye mrija, na unga unaotoka unafungwa kwenye karatasi ya alumini, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki inaachia mafuta yake kwenye sampuli.